Paka Aonje Kwanza

Jumapili, Machi 9

Leo mama mkwe wangu amempa paka maziwa yangu ayaonje kwanza, na mgeni amekaa palepale anatazama.

Nimetafuta kitu cha kufanya kwa mikono yangu nimekosa. Nimefagia uani, uani kwenyewe ni matope matupu, nikarudia kufagia. Mwishowe nimechukua shajara hii ambayo mume wangu Emilian alipewa na kampuni anayoiendeshea magari ya watalii, yenye picha ya faru juu. Heri niandike kuliko kuvunja vyombo vya watu.

Naishorua, jirani yetu, alipita baada ya misa kuomba mbegu za maharage. Nikawaletea maziwa, yeye kikombe chake, Mama kikombe chake. Naishorua akanywa. Mama akachukua kifuniko cha sufuria, akamimina kidogo, akakiweka chini, akamwita Diwani. Diwani ni paka wetu. Emilian alimpa jina hilo kwa sababu anapita kila nyumba, anakula kila mahali, na kazi yake haionekani. Alinusa yale maziwa, akatikisa mguu wa mbele kana kwamba amekanyaga maji, akaenda zake. Mama akasogeza kikombe kando.

"Kibuyu hakijafukizwa," akasema.

"Nimekifukiza asubuhi, Mama."

"Moshi wake uko wapi?"

Naishorua akajifanya anaangalia mawingu.

Mimi nimekulia Karatu mjini, kwa maziwa ya pakiti. Kufukiza nimefundishwa na Mama mwenyewe: unachoma kijiti cha mzeituni mwitu, unatia kaa lake kibuyuni, unatikisa, unasugua kwa brashi ya mkia wa ng'ombe, unakung'uta vumbi, ndipo unatia maziwa. Hapa kitongojini kwetu Buger wasichana wanaokaribia kuolewa humletea huyu mama mkwe wangu, Mama Laurencia, vibuyu vyao avinuse, na akisema bado, ni bado. Sasa mtu kama huyo akisema mbele ya jirani kwamba mkwe wake hajui kufukiza, mimi nijifiche wapi?

Jumanne, Machi 11

Mvua tangu alfajiri. Ugali na mlenda. Paka kaonjeshwa, kakataa. Mama naye kakataa, kasema yuko kwenye mfungo. Hiyo ni Kwaresma gani ya kukataa mlenda?

Jumatatu, Machi 17

Nimefukiza kibuyu mara mbili. Nimechoma vijiti vinene, mpaka macho yakatoa machozi na jikoni hakukaliki. Diwani amenusa akapiga chafya. Mama: "Bado."

Uji wa sukari ameunywa kidogo, baada ya kutia sukari mpaka nikageuka nisione. Paka hakuutaka hata uji.

Alhamisi, Machi 20

Diwani amekamata panya mlangoni mwa ghala. Amemla mzima, kaacha kifuko cha nyongo kwenye kizingiti. Anajua asichokitaka. Natamani na mimi ningekuwa na uso mkavu hivyo.

Jumapili, Machi 23

Tumetoka misa mvua ikatukamata, tukajibanza wote chini ya bati la ofisi ya parokia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, wala hakunong'ona vizuri, "Siku hizi wazee wameamka. Chakula cha mkwe anaonja paka kwanza." Wakacheka. Hakuna aliyetamka neno sumu. Halikuwa na haja ya kutamkwa.

Nimeondoka nikatembea mvuani hivyohivyo, kitenge kimenigandama. Nyumbani nikampigia Emilian.

"Mama yako anafikiri namwekea kitu kwenye chakula."

"Angelina, mama ni mzee. Wewe nyamaza tu."

Nyamaza tu! Yeye yuko Karatu anafuta vumbi kwenye vioo vya gari, mimi ndiye ninayetazamwa kanisani. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Nimepanga upya masufuria yote jikoni, halafu nikayarudisha yalivyokuwa.

Jumapili, Machi 30

Emilian amekuja. Ni lo sizoni, watalii wachache, barabara mbovu. Nimepika ndizi kwa nyama. Kwenye nyumba hii mkwe hali pamoja na mama mkwe. Napakua, natenga, narudi kula jikoni. Kwa hiyo sikuona, nilisikia tu. Emilian na mama yake wamekula sahani moja. Yeye anatafuna, mama yake anatafuna. Sahani imerudi nyeupe, na paka hakuitwa.

Baadaye Emilian amenifuata jikoni. "Mbona amekula vizuri? Kwani nisipokuwepo unampikiaje?"

Nimemwangalia mpaka akatoka mwenyewe. Chakula kilekile, mkono uleule! Akila na mwanawe hana shaka. Nikimtengea mimi peke yangu, aitwe Diwani. Sasa hata mjinga angeelewa.

Alhamisi, Aprili 3

Mvua. Mama amekonda. Bangili ya shaba inamshuka mkononi anapochambua mahindi.

Nimewaza: akienda kwa mtu mwingine nitapumua. Nimeandika, imeandikwa.

Alhamisi, Aprili 10

Leo walikuwa wanachanja mbwa na paka dhidi ya kichaa cha mbwa kwenye ofisi ya kijiji. Nimemtia Diwani kwenye kiroba, nikaenda naye anapiga kelele njia nzima. Simon, afisa mifugo wa kata, ni mtu wa maneno mengi, na foleni ilikuwa fupi kwa ajili ya matope. Nikamuuliza, hivihivi kama utani, kwa nini paka wangu anakataa kila ninachopika.

"Unampa nini?"

"Maziwa ya kibuyu. Mlenda. Maharage. Uji."

Akacheka. "Dada, paka ni mla nyama. Maharage hayamhusu. Na huo uji wako wa sukari, ulimi wake haujui sukari kabisa. Mpe asali, mpe soda, kwake hakuna tamu pale. Uchungu ndio anaukamata haraka, maana sumu nyingi ni chungu. Moshi ukizidi kwenye maziwa, kwake ni uchungu tu."

"Na nyama akiikataa?"

"Ilikuwa imepoa? Basi. Paka anaamua kwa pua kabla ya ulimi. Kitu kilichopoa hakimnukii, anakiona kimekufa zamani. Anataka joto la panya aliyekamatwa sasa hivi. Tena anapenda alichozoeshwa na mama yake akiwa mdogo. Kitu kigeni anakitilia shaka tu, hata kiwe kizuri namna gani."

"Kwa hiyo akikataa chakula, haina maana chakula kina kasoro?"

"Ina maana paka hajakipenda. Ukimfanya paka mpishi mkuu, nyumba nzima mtakufa njaa."

Nilicheka. Nimefika kwenye mteremko wa mto, kiroba begani, kicheko kikaniishia. Nimeanza kuhesabu vyakula vya mwezi mzima. Nyama ya moto: paka alikula, Mama alikula. Dagaa wa kukaanga: paka alikula, Mama alikula. Maharage, mlenda, uji, ugali uliopoa: paka hapana, Mama hapana, ila uji kidogo kwa sukari. Mama mkwe wangu anakula chakula cha paka. Hashibi kwa sababu paka hapendi mboga.

Lakini kwa nini? Kama anaogopa sumu yangu, mbona haogopi kuishi na mimi, kulala kwenye nyumba ninayoifunga mimi? Kichwa kinazunguka. Nimekwenda kuangalia ghala bila sababu, nikarudi.

Ijumaa, Aprili 11

Nimemkamulia Diwani maziwa kwenye kifuniko, ya moto kutoka kwenye chuchu ya ng'ombe, bila kibuyu. Kayalamba yote, kanitazama kudai mengine.

Ijumaa Kuu, Aprili 18

Njia ya Msalaba chini ya mvua. Maharage. Mama amelala na njaa na safari hii hakuna aliyeshangaa, maana ni Ijumaa Kuu.

Jumapili ya Pasaka, Aprili 20

Pasaka imefika, Kwaresma imekwisha, na kisingizio kimekwisha nacho.

Emilian amechinja mbuzi. Naishorua amekuja na watoto wake. Nimepika pilau, nimechoma nyama. Emilian alikuwa nje na wageni wake, hivyo Mama ametengewa peke yake. Diwani amepewa nyama, kaipokea kabla haijafika chini. Mama akala nyama. Diwani amewekewa pilau, kalipita. Mama akaacha pilau. Pilau la Pasaka, lenye viungo nilivyonunua kwa Kauthar sokoni Karatu, lililonukia mpaka kwa majirani!

Nikamletea Naishorua maziwa. Nilikuwa nimefukiza kwa hasira siku tatu mfululizo. Akapiga funda moja, macho yakamtoka, akakimbilia mlangoni kutema.

"Angelina, haya ni maziwa au makaa?"

Mama alikuwa na kikombe chake mkononi, kutoka kibuyu hichohicho. Ameonja. Amesema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ninyi vijana hamjui moshi. Haya bado."

Naishorua amekulia kwenye maboma ya Ngorongoro, vibuyu si vitu vya kumfundisha. Nimewatazama wote wawili. Mmoja anakohoa moshi, mwingine anasema moshi haupo. Na paka, ambaye sikumwomba ushauri, yuko upande wa Naishorua.

Jioni Blandina amepiga simu. Ni dada yake Emilian, anafanya kazi ofisini Wasso. Mtu wa huku amempelekea maneno. "Jumamosi nakuja kumchukua mama," amesema. "Namchukua moja kwa moja. Sitaki mama yangu afe kwa mkono wa mtu." Akakata.

Niliwaza akienda nitapumua. Mbona sasa sipumui? Akiondoka hivi, mimi ndiye nimemuua hata akiishi miaka mingine thelathini.

Alhamisi, Aprili 24

Lazima niandike yote, la sivyo silali.

Mchana nilikwenda bombani. Niliacha maharage jikoni, Mama amekaa kwenye kigoda kando ya mafiga anapukuchua mahindi. Nikamwambia, "Mama, niangalizie sufuria." Akaitikia. Mvua ikanikuta bombani, nikasubiri, nikachoka kusubiri, nikaja nayo.

Harufu ilinipokea kwenye uzio. Si harufu ya kuungua kidogo, ni ile inayokaa kooni. Diwani alikuwa amejikunyata kwenye jiwe la kufulia, mvua inamnyeshea, kaona heri mvua kuliko jikoni. Nikatupa ndoo nikakimbia.

Mama alikuwa palepale. Kuni mbichi za masika zimejaza moshi kama kila siku, kwa hiyo moshi wenyewe usingemwambia kitu. Lakini harufu! Anapukuchua mahindi polepole, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na mkono wake ungeweza kuigusa sufuria.

"Mama, maharage!"

"Maharage yamefanya nini?"

Nikaipua. Chini yamekuwa lami. Sijui nilipata wapi ujasiri huo, nikaipeleka sufuria mpaka karibu na uso wake.

"Mama, hii inanuka nini?"

Akachungulia ndani. "Yameungua."

"Hayo umeyaona kwa macho. Mimi nimekuuliza harufu."

Akageuza kichwa, akatafuta kwa macho pembeni ya mafiga, nyuma ya kigoda, mlangoni. Alikuwa anamtafuta paka.

Hapo nikaelewa. Nikakaa chini kwenye maganda ya mahindi.

"Tangu lini, Mama?"

"Yale mafua ya Krismasi." Aliongea akiangalia mikono yake. "Nilidhani itarudi. Sisikii kitu. Si kahawa, si ng'ombe, si mvua ikianguka kwenye vumbi. Mdomoni kumebaki chumvi na sukari, mengine yote ni kutafuna matambara."

"Na paka?"

"Unakumbuka matanga ya mzee Piusi? Nilikula makande yaliyochacha. Watu wote walikuwa wameyasukuma kando, mimi nikamaliza sahani. Uliniosha wewe siku zile."

Nakumbuka. Alitapika mpaka tukamwita padre.

"Nikasema, mtu anaweza kunificha, paka hawezi. Akikataa, kuna kitu."

"Na moshi wa kibuyu?"

"Paka akikataa lazima niseme sababu. Sababu ninayoijua mimi ni moshi."

"Nami nikazidisha moshi."

"Nawe ukazidisha, naye akazidi kukataa." Alikaribia kucheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika mpaka meno yakaniuma.

"Mama, kanisani wanasema nakuwekea sumu!"

"Nimesikia."

"Ukasikia ukanyamaza?"

"Angelina, wananiletea vibuyu. Tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Mwezi wa pili ameletwa mtoto wa Josephati na kibuyu chake, nikakiinua puani kama siku zote, nikamwambia kizuri. Sijui kama kilikuwa kizuri." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Ningekwambia wewe nini? Kwamba mama mkwe wako ni pua tupu?"

Halafu akanishika mkono, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Usimwambie Blandina. Atanipeleka Wasso anikalishe kwenye kochi. Kule nani ananijua?"

Nikaenda kuisugua sufuria kwa mchanga. Nimeisugua mpaka giza.

Jumamosi, Aprili 26

Basi la Wasso limekwama kwenye matope. Blandina amepiga simu mara mbili kuhakikisha mama yake yu hai. Nimefua mapazia safi.

Nimempikia Mama mayai. Paka kala, Mama kala. Mimi na Mama tumeangaliana. Maneno ninayo mdomoni, yanauma. Nikimwambia Blandina nimepona mimi. Nisipomwambia siri ya Mama imepona, ila anakwenda Wasso vilevile.

Jumapili, Aprili 27

Blandina amefika saa ya chakula cha mchana, matope mpaka magotini, begi kubwa halina kitu ndani. La kubebea nguo za mama.

"Shikamoo dada."

Marahaba yake ilikuwa ya kulazimishwa. Alimshika mama yake mabega, akaushika mkono wenye bangili iliyolegea, akaanza kulia, na kilio kikageuka ukali. Emilian alikuwa amesimama mlangoni anaangalia viatu vyake. Naishorua, aliyekuwa amekuja kumsalimia mgeni, alitaka kutoka, Blandina akamzuia.

"Kaa, jirani. Kaa usikie. Wewe uliona kwa macho. Mama yangu anamwonjesha paka chakula cha huyu ndipo ale. Nisemeje mimi? Nishukuru?"

Nilikuwa nimeshika sahani ya ugali na mchicha wa nazi, natoka jikoni kuitenga. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamtazama Mama. Hakuniomba kitu, wala macho hakuyainua. Alikuwa anatazama sakafuni, na Diwani alikuwa ameshaingia kwa ajili ya zamu yake.

Nikamsukuma Diwani kwa mguu. Nikaweka sahani mbele ya Mama, nikavuta kigoda, nikakaa. Nikanawa. Nikakata tonge kwenye sahani yake, nikachovya mchicha, nikala. Mchicha ukanidondokea kwenye sketi ya kanisani.

"Ugali umeiva, Mama," nikasema. "Mchicha ni wa leo, nazi haijachacha. Chumvi imepungua kidogo."

Mama akavuta sahani karibu. Akakata tonge. Akala. Akakata lingine.

Blandina akasogea karibu. "Na ninyi mmeanza lini kula sahani moja?"

"Leo," Mama akasema na chakula mdomoni. Akameza, akapangusa vidole. "Blandina, kaa chini. Pua yangu imekufa tangu Krismasi. Harufu siisikii, ladha siijui. Nilikuwa naogopa chakula kilichooza, nikamfanya paka pua yangu, nikaona aibu kusema. Huyu hajaniwekea kitu. Huyu nimemkondesha mimi kuliko nilivyokonda." Akamgeukia Naishorua. "Nawe kawaambie kanisani. Waambie na kuhusu vibuyu. Sinusi tena."

Naishorua alijifunika mdomo kwa khanga. Emilian alisema "Mama" tu, basi. Blandina alilia tena, safari hii bila ukali, akavuta kigoda naye.

Mimi niliendelea kula. Nilikuwa na njaa ambayo sikujua ninayo. Maskini, kumbe wiki zote hizi na mimi sikuwa nakula.

Ijumaa, Mei 2

Hospitali Karatu. Daktari amesema inaweza kurudi taratibu, inaweza isirudi. Tuangalie moto na vyakula vilivyolala. Blandina amerudi Wasso na begi lake tupu. Kanikumbatia stendi, kwa nguvu mno, mpaka kilemba changu kikaanguka.

Jumanne, Mei 13

Manyunyu. Tumekula maharage. Mama ameomba pilipili, anasema angalau pilipili anaisikia. Bangili imeanza kutulia.

Jumamosi, Mei 24

Hakuna aliyeleta kibuyu mwezi mzima. Mama hasemi, ila mbwa akibweka njiani anainua kichwa.

Jumapili, Juni 1

Mvua imekata. Mbaazi zimechanua mpaka ukingoni mwa barabara.

Baada ya misa msichana mmoja wa kule juu ameingia uani na kibuyu kifuani, shangazi yake nyuma. Anaolewa Agosti. Nilidhani hawajapata habari, nikatoka kuwaeleza taratibu. Shangazi akanikatiza, "Tunajua. Tumekuja hivyohivyo."

Mama alikuwa juani anachambua mbegu. Akakipokea kibuyu, akakizungusha, akapitisha kidole kwenye mdomo wa kibuyu, akakitikisa karibu na sikio. Halafu akaninyooshea mimi.

"Nusa."

Diwani naye alisogea, akaweka pua yake pale kwa haraka, akarudi kivulini. Sikumuuliza maoni. Nikafumba macho nikanusa. Mzeituni ulikuwapo, mzuri, na nyuma yake kulikuwa na ukali kidogo wa kaa lisilokung'utwa. Mimi, wa maziwa ya pakiti.

"Moshi umezidi kidogo," nikasema.

Shangazi akamgeukia Mama. Alitaka kuona kama neno hilo litasimama. Mama alikuwa amesharudi kwenye mbegu zake.

"Kama Angelina anasema umezidi," akasema, "umezidi. Mtoto akafukize upya."